Kujiandaa kwa Mafunzo ya Udereva wa Kasi Kyalami

Dereva wa Arusha au Moshi anayetaka kujifunza kuendesha kwa kasi kubwa kwenye uwanja wa mbio hana haja ya kuanzia Nürburgring ya Ujerumani, yenye urefu wa zaidi ya kilomita 20. Kyalami, uliopo Midrand kati ya Johannesburg na Pretoria, unamfaa zaidi. Una urefu wa kilomita 4.522 na kona 16, na kwa kuwa Afrika Kusini huendesha upande wa kushoto kama sisi, usukani na gia utavikuta palepale ulipovizoea. Mwinuko wake pia unakaribiana na wa Arusha, kwa hiyo injini isiyo na tabo (turbo, kifaa kinachoisukumia injini hewa), ambayo hupoteza nguvu kwenye hewa nyepesi, itavuta kama inavyovuta nyumbani. Anayetoka Moshi ndiye atakayeona imepungua kidogo.

Chagua mafunzo yanayotumia gari la chuo chenyewe. Bima kubwa ya kawaida, pamoja na ya magari ya kukodi, kwa kawaida hailipi ajali iliyotokea kwenye uwanja wa mbio, hivyo uliza kwa maandishi, kabla ya kulipa ada, nani atagharamia gari likiharibika.

Maandalizi yanaanzia nyumbani, na hayahitaji kasi. Kukimbiza gari katika barabara ya Arusha–Moshi, yenye vibao vya 50 penye makazi na bodaboda zinazochomoza pembeni, ni kuhatarisha maisha ya watu wasiohusika, wala hakufundishi lolote la maana. Fanya mazoezi ya mguu: kila unaposimama, punguza breki taratibu mwishoni ili kichwa cha abiria kisitikisike. Ukiweza hilo siku nzima, mguu wako umeshaanza kuelewa jinsi uzito wa gari unavyohama kutoka nyuma kwenda mbele.

Wengi wetu tumekua tukitazama rali za vumbi, ambako dereva hulitelezesha gari kwa makusudi ili likate kona. Tabia hiyo iache nyumbani, kwa sababu kwenye lami kavu tairi linaloteleza hupoteza mwendo na kuchemka.

Somo kubwa ni breki. Nguvu iliyomo ndani ya gari linalokwenda huongezeka kwa mraba wa kasi, yaani gari la kilomita 120 kwa saa lina nguvu mara nne ya lilipokuwa 60, na nguvu hiyo yote hugeuka joto kwenye diski. Mafuta ya breki ya DOT 4 yakiwa mapya huchemka kuanzia nyuzi 230 za Selsiasi, lakini yakishanyonya unyevu kiwango hicho kinaweza kushuka hadi 155. Yakichemka, mvuke hujaa kwenye mfumo wa breki na pedali huzama bila gari kusimama. Ukihisi pedali imekuwa laini, mwambie mkufunzi papo hapo. Kanyaga kwa nguvu gari likiwa limenyooka, kisha achia kidogo kidogo kadiri unavyozungusha usukani, kwa sababu tairi lililokwisha tumia uwezo wake wote kusimamisha gari halibakiwi na uwezo wa kulikatisha kona.

Macho nayo yana kazi yake. Kwenye Mineshaft, mteremko mkali ambao huwatia hofu wageni, mtu huelekea kuukodolea macho ukingo anaouogopa, na mikono hufuata macho. Mkufunzi akikuambia utazame mbele, geuza kichwa kizima kuelekea mahali kona inapoishia, hata kama unajisikia vibaya kuiacha lami iliyo mbele ya boneti.

Kuhusu bendera, shika hizi: ya njano ni hatari mbele na hairuhusiwi kupita mwenzako, ya bluu ni kwamba nyuma yako kuna gari lenye kasi zaidi, na nyekundu ni kwamba kipindi kimesimamishwa, basi punguza mwendo na urudi kwa uangalifu.

Mzunguko wa mwisho uende polepole, bila kugusa breki sana, ili upepo uzipoze diski. Ukiegesha, usivute breki ya mkono, maana pedi zikibana diski iliyochemka joto hukwama sehemu moja. Weka gia, kisha kinga tairi kwa kigingi.