SOMO: Umenunua gari la kuunganisha lililotumika na linakusumbua? Pima kwanza, spea baadaye

Wadau, heshima kwenu. Kila wiki naletewa ujumbe uleule: "Mkuu, nimechukua kigari kama chako, kinazimika njiani, ninunue nini?" Nimechoka kujibu mmoja mmoja. Naandika yote hapa, na atakayeuliza tena namwelekeza huku.

Kwa ambao hawajawahi kuyaona: hapa Uingereza kuna magari yasiyotoka kiwandani yakiwa mazima. Unanunua fremu na bodi kwa kampuni ndogo, unachinja Ford au Mazda kuukuu ukatoa injini, giaboksi na difu, halafu unajifungia bandani ukiunganisha hadi mkeo aanze kuuliza kama bado unaishi pale. Wenyewe wanayaita kit car. Yalishamiri kwa sababu ya kodi. Hadi 1973, gari lililouzwa vipande vipande liliepa kodi ya manunuzi iliyobebeshwa gari zima. Lotus Seven ya 1957 ndiyo iliyowatia watu kichaa. Ukiona kigari cha chini, pua ndefu, matairi ya mbele yako nje ya bodi, huyo ni mjukuu wake, wa halali au wa kuiga.

Langu nililinunua mkononi mwa mtu miaka sita iliyopita. Injini ni ya Ford Cortina lita 2, wayaringi nusu ya Ford Sierra, nusu aliitunga mjenzi mwenyewe kwa waya alizokuwa nazo siku hiyo. Ndiyo maana gari la aina hii halina kitabu. Kiwanda chake ni yule mzee aliyeliunda, na pengine alishaliuza mara tatu kabla halijakufikia. Usiniulize "ugonjwa wake wa kawaida ni upi". Kila moja lina ugonjwa wake, na dawa ni kupima.

1. Soma kadi ya gari ujue injini na breki zilitoka gari gani, mwaka gani. Namba ya usajili ikianza na Q, maana yake umri au asili ya gari havikuweza kuthibitishwa, kwa hiyo usiiamini kadi peke yake. Soma namba iliyogongwa kwenye injini.

2. Kizimamoto kiwe karibu. Mpira wowote wa petroli uliopasuka au kulainika, badilisha kabla hujagusa kitu kingine. Tangu Septemba 2021 petroli ya kawaida huku ni E10, na ethanoli hiyo inaila mipira ya zamani.

3. Betri: gari likiwa limelala usiku mzima, usome volti 12.6 au karibu na hapo. Chini ya 12.2, chaji kwanza. Injini ikiwaka, 13.8 hadi 14.4.

4. ETHI, yaani njia ya umeme kurudi kwenye negativu ya betri. Hapa tukae, maana hapa ndipo nilipoaibika.

Gari langu lilikuwa likiwaka vizuri asubuhi, lakini likishapata moto stata inazunguka kwa unyonge, ng'uu, ng'uu, kama mtu aliyelazimishwa kuamka daku. Nikanunua betri mpya. Wapi. Nikanunua stata. Siku mbili ikawa nzuri, ya tatu yaleyale. Nikaagiza na alternata, sijui hata kwa nini, nadhani kwa hasira. Nilikuwa nimeshazika kama pauni 300. Kisha jioni moja, niko kituo cha mafuta, narudia kupiga stata, nikasikia harufu ya plastiki. Nikachungulia: kebo ya klachi inafuka moshi na ganda lake limeyeyuka. Pembeni ya pampu ya petroli! Nilikata swichi, mimi na jamaa mmoja tukalisukuma hadi barabarani, na sijarudi kituo kile hadi leo.

Kisa chenyewe: injini imekalia raba, haigusani na fremu. Stata inavuta ampea zaidi ya mia, na umeme wote huo lazima urudi kwenye negativu ya betri. Mjenzi alifunga mkanda wa ethi kutoka injini hadi kwenye fremu, vizuri kabisa, nati imekaza, ila fremu ilikuwa na rangi ngumu ya kuokwa na hakuikwangua. Mkanda umekaa juu ya rangi. Umeme ukatafuta njia nyingine ya chuma, ukaipata kebo ya klachi. Kwenye gari la kiwandani bodi nzima ni chuma na ethi ziko kila kona, hivyo moja ikifa nyingine zinabeba. Huku bodi ni faiba. Faiba haipitishi umeme, kwa hiyo taa, honi na geji ya mafuta, kila kimoja kinategemea waya wake mwembamba mweusi ambao mtu fulani alikumbuka, au hakukumbuka, kuuvuta.

Upimaji: weka gia huru, handbreki juu, chomoa waya mwembamba wa koili (kile kinachotengeneza umeme wa cheche za plagi) ili injini isiwake. Multimita, kile kifaa cha kupimia umeme, iwe kwenye volti za DC. Ncha moja kwenye kichwa chenyewe cha negativu ya betri (siyo kwenye klempu, kwenye risasi yenyewe), nyingine kwenye chuma kitupu cha injini. Mwenzako apige stata. Isizidi nusu volti, na 0.2 ndiyo raha. Langu lilisoma 4 na ushee. Yaani theluthi ya betri ilikuwa inapotelea kwenye rangi. Fanya hivyohivyo upande wa moto, kutoka kichwa cha pozitivu hadi boliti kubwa ya stata.

Tiba: kwangua hadi chuma king'ae, weka washa ya meno, kaza, ndipo upake grisi juu kuzuia kutu. Grisi ni baada ya kukaza! Mimi nimeongeza kebo nene kutoka boliti ya giaboksi moja kwa moja hadi negativu ya betri na sijajuta.

Angalizo: ukiwasha indiketa ya kushoto halafu taa ndogo zinafifia na taa ya breki inakonyeza, usinunue balbu wala flasha. Hiyo ni ethi ya taa za nyuma. Na kama kebo yoyote ya kuvuta (klachi, choki, eksileta) inapata joto ukipiga stata, acha hapo hapo.

5. Rangi za waya zinadanganya. Kwenye Ford za Ulaya kahawia ni ethi. Kwenye utaratibu wa zamani wa Kiingereza kahawia ni moto wa moja kwa moja kutoka betri, hauna hata fyuzi, na ethi ni nyeusi. Gari langu lina kahawia za aina zote mbili. Pima kila waya, uubandike karatasi, chora mchoro wako. Mimi ulinichukua wikendi nne na ndiyo mali ya thamani kuliko zote nilizonazo humo bandani.

6. Injini inazima baada ya dakika ishirini, ikipoa inawaka: shuku koili. Kwenye Ford nyingi za platini (vile vidude vinavyogusana na kuachana kukata umeme wa koili) kulikuwa na waya maalumu wenye ukinzani, unaopunguza volti za koili injini ikishawaka. Mjenzi akitunga wayaringi mpya huo waya hutupwa, na koili ya volti 9 inanyweshwa 12. Chomoa waya zake, pima ohm kati ya vichwa vyake viwili vidogo. Karibu na 3 ni koili ya volti 12 kamili, karibu na 1.5 inahitaji ule ukinzani. Hii ni kwa platini tu. Kama una ignisheni ya elektroniki, usitumie vipimo hivi.

7. Kuchemsha: pua iko chini, hivyo hewa hunasa juu kwenye injini. Inua pua ujaze maji taratibu, na kitangi cha akiba kiwe juu kuliko kila kitu. Kisha pima feni kwa kipande cha karatasi mbele ya rejeta. Karatasi ivutwe. Ikisukumwa, nyaya za feni zimegeuzwa.

8. Breki zikiwa na shaka yoyote, usiliendeshe. Libebwe.

MASWALI

Mjengo: Mkuu gari langu haliwaki kabisa, itakuwa shida nini?

Jibu: Gari gani? Stata inazunguka? Betri inasoma ngapi? Rudi namba 3.

Mjengo: Nimesoma juujuu nipo kazini. We niambie tu spea ya kununua.

Jibu: Multimita.

Spana 17: Mimi niko gereji mwaka wa ishirini. Koili kupata moto ni kawaida, usitishe watu.

Jibu: Kupata uvuguvugu ni kawaida, na sijasema vinginevyo. Nimesema injini inayozima ikishapata moto na kuwaka ikipoa. Koili ya ohm 1.5 ukiipa volti 12 inavuta ampea 8 platini zikiwa zimegusana, ile ya ohm 3 inavuta 4. Kama kwako ni kawaida, sawa, ila platini zako zinajua.

Binti Gereji: Samahani kaka, swali la kujifunza. Kwa nini tupime stata ikiwa inazunguka? Nikipima ohm za ule mkanda napata 0.2, si inaonyesha ni mzima?

Jibu: Dada, hili ndilo swali nililokuwa nalisubiri. Kwanza, hizo 0.2 huenda ni za nyaya za multimita yenyewe. Gusanisha ncha zake mbili uone inasoma ngapi. Pili, multimita inapopima ohm inapitisha umeme kidogo mno. Fikiria daladala yenye mlango uliokwama nusu: abiria mmoja akishuka huoni tatizo. Ngoja ifike Mbagala jioni, wote washuke pamoja. Ukinzani wa 0.02 tu, ambao multimita ya kawaida haiuoni, ukipitishiwa ampea 150 unakula volti 3. Ndiyo maana tunapima mzigo ukiwa juu. Njia hiihii inafaa kwa pampu ya petroli na taa kubwa, gari lolote lile.

Binti Gereji: Nimeelewa. Kesho najaribu kwenye Noah ya mzee, taa zake hafifu.

Jibu: Safi sana. Washa taa, pima kati ya negativu ya betri na ethi ya taa, halafu urudi utuambie.

Wa Likoni: Boss, naeza leta moja Mombasa? Niko na cousin huko Leeds anauziwa poa.

Jibu: Kenya hairuhusu gari lililotumika lenye zaidi ya miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza, na mengi ya haya ni wazee. Binamu yako asilipe kitu kabla hamjaithibitisha tarehe ya usajili.

Spana 17: Halafu hujawaambia watoe negativu kwanza kabla ya kufungua nyaya.

Jibu: Kweli, hapo umenishika, nilisahau. Negativu inatoka kwanza na inarudi mwisho. Ukianza na pozitivu, spana ikagusa fremu, utaona fataki. Asante.

Kigari: Langu linaruka kama mpira kwenye lami mbovu. Shokapu?

Jibu: Upepo wa matairi umeweka PSI ngapi?

Kigari: 30, kama Sierra ilivyokuwa.

Jibu: Sierra ina zaidi ya tani. Hicho chako kina kilo mia sita hivi. Anza na 20, ulisikilizie, ndipo tuongee shokapu.

Nahodha wa Nungwi: Mkuu mimi sina gari, nina boti ya faiba. Nikipiga stata ya injini, GPS inazima na taa ya mlingoti inafifia. Hili somo linanihusu?

Jibu: Linakuhusu kuliko wengi humu! Boti yako haina bodi ya chuma hata kidogo, kila kitu kinarudi kwa waya, na chumvi inakula viungo. Fanya kipimo cha namba 4 kwenye stata, kisha rudia kwenye negativu ya GPS. Nahisi fundi aliunga negativu ya GPS kwenye waya uleule wa stata njiani. Ivutie waya wake hadi kwenye kibao cha negativu karibu na betri, na tafuta waya wa shaba uliopakwa bati, ule mweupe ukiuchuna. Una betri moja au mbili?

Nahodha wa Nungwi: Moja.

Jibu: Basi piga picha pale nyaya zinapokutana kwenye negativu, uiweke hapa kabla hujafungua chochote.