Kabla ya kununua kaske nyingine, rekebisha sauti ya kompyuta yako

Wiki iliyopita kijana mmoja aliingia kibandani kwangu, hapa Lubumbashi, komini ya Kenya, kaske (vifaa vya kusikilizia vya kuvaa masikioni) mpya ya bluetooth shingoni. "Fundi, waliniuzia ya bandia! Muziki unatoka kama mtu anaimba ndani ya ndoo." Nikaivaa. Kweli, rumba ilikuwa imekonda: besi hakuna, magitaa yote yamebanana katikati kama abiria wa teksi-basi. Lakini kaske ilikuwa nzima. Ugonjwa ulikuwa kwenye kompyuta.

Kompyuta nyingi za hapa kwetu zina Windows ya Kifaransa, kwa hiyo majina ya menyu nitayaacha jinsi utakavyoyakuta.

Hatua ya 1: chagua wimbo wa kupimia. Chukua rumba moja unayoijua kwa moyo, yenye sebene ndefu, ile sehemu ya kuchezea ambapo magitaa yanatawala. Kwa kawaida humo mna gitaa la solo, la akompanyeman (la kusindikiza), na katikati yao gitaa la tatu, mi-solo. Mfuate mi-solo peke yake. Ukikaa naye sekunde 20 bila kumpoteza, mashine yako haina shida kubwa. Usibadilishe wimbo hadi umalize, na gusa kitu kimoja tu kwa wakati, la sivyo hutajua kilichoponya ni kipi.

Hatua ya 2: itoe kaske kwenye hali ya simu. Hapa ndipo ninapokuta makosa mengi. Kaske ya bluetooth yenye maikrofoni ina hali mbili. Ya muziki inatoa sauti ya stereo, yaani kila sikio na sauti yake. Ya simu inatoa sauti moja ileile masikio yote mawili, na mara nyingi ni sampuli (vipande vya sauti vilivyopimwa) 8,000 au 16,000 tu kwa sekunde, wakati CD ina 44,100. Programu yoyote ikifungua maikrofoni ya kaske, Windows inaivuta kwenye hali ya simu bila kukuuliza. Yule kijana alikuwa na mkutano wa video wa asubuhi, na ukurasa wake bado ulikuwa wazi nyuma ya kurasa nyingine kumi na kitu. Nilipoufunga, besi ikarudi palepale. Akacheka kwa aibu.

Basi funga kila kitu kinachosikiliza maikrofoni. Kwenye Windows 10, katika orodha ya vifaa vya sauti, utaona kaske imeandikwa mara mbili: chagua ile ya « Stereo », achana na « Mains libres » (au « Hands-Free »). Kama lazima uongee huku muziki ukicheza, kwenye mipangilio ya sauti, upande wa « Entrée », weka maikrofoni ya kompyuta yenyewe.

Hatua ya 3: zima madoido, yaani vikorombwezo ambavyo Windows inauongezea muziki. Bonyeza Windows na R, andika mmsys.cpl, kisha Enter. Bonyeza mara mbili kifaa unachosikilizia, nenda « Améliorations », zima vyote. Kwenye Windows 11 utavikuta pia katika « Paramètres », chini ya « Son ». Kimoja kinaongeza besi hadi spika ndogo zinakoroma. Kingine kinapandisha sauti ndogo na kushusha kubwa ili zilingane. Hicho kinafaa kwa filamu ya usiku watoto wamelala, lakini sebene inakufa, maana utamu wake ni ule mpando wa sauti. Kama kompyuta ilikuja na programu yake ya sauti, ichungulie nayo. Madoido juu ya madoido ni supu ya chumvi mara mbili.

Hatua ya 4. Dirisha lilelile, « Communications »: weka « Ne rien faire ». Bila hivyo Windows inashusha muziki kwa asilimia 80 kila simu ya intaneti inapoanza.

Hatua ya 5: fomati. Rudi kwenye kifaa chako, fungua « Statistiques avancées » (takwimu hakuna humo, sijui nani alitafsiri). Nyimbo nyingi ni 44,100 Hz (zile sampuli kwa sekunde), na mara nyingi Windows imewekwa 48,000, kwa hiyo inazigeuza njiani. Mimi kwa kusikiliza huweka 44,100, lakini sitakudanganya: tofauti sijawahi kuisikia. Kupanda hadi 192,000 hakuongezi kitu ambacho wimbo haukuja nacho.

Hatua ya 6: sasa ndipo uguse mega, yaani bando lako la intaneti. Kwenye Spotify, ubora wa kawaida ni kilobiti 96 kwa sekunde, wa juu 160, na wa juu sana, kwa wanaolipia, 320. Piga hesabu: 320 inakula megabaiti 144 kwa saa, 160 inakula 72, 96 inakula kama 43. Usiache « Automatique », maana mtandao ukilegea jioni nayo inashuka kimyakimya, halafu lawama zinaiendea kaske. Kwa spika za kompyuta yenyewe, 160 inatosha kabisa. Tunza 320 kwa kaske nzuri ya waya.

Na kama unaunganisha ampli (kikuza sauti) kwa waya, ukasikia mvumo hata wimbo ukisimama, chomoa chaja ya kompyuta. Mvumo ukikatika, acha menyu zote hizi: shida iko kwenye chaja au kwenye prizi (soketi ya umeme), na sikiliza kwa betri hadi uipate.