Jinsi ya kuchagua fremuweki ya bekendi kwa mradi wako wa wavuti

Kabla ya kufungua tovuti ya fremuweki yoyote (msingi wa msimbo ulio tayari, unaojenga programu yako juu yake), andika orodha ya mambo ambayo programu yako itafanya upande wa seva. Usiandike "mfumo wa maktaba" ukaishia hapo. Andika vitendo: mtumiaji anajisajili kwa barua pepe, anabadilisha nywila aliyoisahau, anapakia picha isiyozidi megabaiti 5, karani anatafuta rekodi na kuzihariri, ripoti inatumwa kila siku saa 8 usiku. Kisha pitia kila mstari ukijiuliza: hili linakuja na fremuweki yenyewe, linahitaji maktaba ya nje, au itabidi niliandike mwenyewe?

Kupokea ombi na kurudisha jibu, fremuweki zote zinaweza. Tofauti iko kwenye kile zinachokufanyia na kile zinachokuachia.

Django ya Python (2005) inakuja na usimamizi wa watumiaji, ORM (tabaka la kushughulika na hifadhidata kwa msimbo wa kawaida badala ya SQL), zana ya kubadilisha muundo wa majedwali, ulinzi wa fomu dhidi ya CSRF (tovuti nyingine kutuma ombi kwa jina la mtumiaji wako bila yeye kujua), na kurasa za wasimamizi zinazojitengeneza kutokana na modeli zako (maelezo ya data yako ndani ya msimbo). Kwa mradi wenye makarani wa kuhariri rekodi, kurasa hizo peke yake zinaokoa wiki za kazi. Laravel ya PHP (2011) ina ORM iitwayo Eloquent, foleni za kazi za nyuma (zinazosubiri zamu nje ya ombi la mtumiaji), barua pepe na ratiba, vyote ndani ya kifurushi kimoja. Ruby on Rails (2004) iko kundi hilohilo. Upande wa pili kuna Flask na Express, zote za 2010: zinakupa njia za URL, ombi na jibu, halafu hifadhidata, kuingia kwa watumiaji na ukaguzi wa data unajichagulia. FastAPI (2018) inasimama katikati: inakagua data kwa kutumia aina za Python na kutengeneza yenyewe nyaraka za API (njia ambazo programu nyingine hutumia kuwasiliana na yako), ila haina ORM yake. Spring Boot na ASP.NET Core ni pana sana na zinafaa timu ambazo tayari zinaishi ndani ya Java au C#.

Kama orodha yako ina watumiaji, fomu, ruhusa na kurasa za wasimamizi, chukua fremuweki kamili. Ndogo huvutia siku ya kwanza kwa sababu faili moja linatosha kuonyesha ukurasa. Tatizo huja baadaye: unaongeza maktaba ya kuingia, ya hifadhidata, ya ukaguzi, ya foleni, kila moja na matoleo yake, na mwisho wake umejitengenezea fremuweki yako isiyo na nyaraka. Ndogo inafaa pale huduma yenyewe ni ndogo kwelikweli, kwa mfano API ya njia tatu inayosoma data na kuirudisha kama JSON (maandishi ya data yanayosomwa na programu).

Lugha

Chagua lugha ambayo timu inaweza kuitafutia hitilafu, siyo ile inayoweza kuiandika tu. Kipimo ni rahisi: mpe mwenzako ujumbe mrefu wa kosa kutoka kwenye seva, umwulize mstari upi ndio chanzo. Asipoweza kujibu, lugha hiyo bado ni ngeni kwenu, hata kama mafunzo yake yalipendeza.

Aina ya mzigo

Mazungumzo ya papo kwa papo na taarifa zinazosukumwa kwa mtumiaji humaanisha miunganisho mingi inayokaa wazi ikisubiri. Node.js, Go, ASP.NET Core na Phoenix ya Elixir zinabeba hali hiyo vizuri. Lakini kila moja ina masharti yake. Node huendesha JavaScript yako kwenye uzi mmoja (thread, mfuatano mmoja wa utekelezaji), kwa hiyo hesabu inayochukua milisekunde 300 inawasimamisha watumiaji wote kwa muda huo. Kubana picha, kutengeneza PDF na kazi nzito za aina hiyo zipelekwe kwenye foleni, iwe fremuweki gani.

FastAPI ina mtego unaofanana na huo, nao huwanasa hata wazoefu. Ukiandika kitendaji kwa `async def`, kisha ndani yake ukaita maktaba inayozuia kama `requests`, kitanzi kizima cha matukio (kinachohudumia maombi yote kwa zamu) kinasimama hadi jibu lirudi. Kitendaji hichohicho kikiandikwa kwa `def` ya kawaida, FastAPI inakitupa kwenye kundi la nyuzi na wengine wanaendelea kuhudumiwa. Kwa hiyo tumia `async def` pale tu ambapo kila unachokiita ndani yake kinaweza kusubiriwa kwa `await`.

Kasi

Majedwali ya ushindani wa kasi hupendwa sana, na mara nyingi hupotosha uamuzi. Chukua ukurasa ambao hifadhidata inatumia milisekunde 40 na fremuweki 2. Ukihamia fremuweki yenye kasi mara mbili, unatoka 42 hadi 41. Hakuna mtumiaji atakayeiona tofauti hiyo.

Anachokiona ni hoja za SQL (maagizo kwa hifadhidata) zilizozidi. Tuseme unaonyesha makala 50 na jina la mwandishi wa kila moja. Ukichukua `Makala.objects.all()` katika Django na kuandika `makala.mwandishi.jina` ndani ya kitanzi, hoja moja inaleta makala, kisha hoja nyingine 50 zinaleta waandishi mmojammoja: jumla 51. Ukiandika `Makala.objects.select_related("mwandishi")`, inabaki moja yenye JOIN (inayounganisha majedwali). Katika Laravel, `Makala::with('mwandishi')->get()` inashusha hadi mbili. Kwa hiyo, unapolinganisha fremuweki, angalia ni rahisi kiasi gani kuona hoja zinazotoka. Django Debug Toolbar inazionyesha pembeni ya ukurasa. Laravel ina `Model::preventLazyLoading()`, inayorusha kosa badala ya kukuachia kasoro hiyo iende kimyakimya hadi kwa watumiaji.

Piga pia hesabu ya miunganisho ya hifadhidata. PostgreSQL kwa chaguo-msingi inaruhusu 100. Seva yenye viini 4 vya prosesa (cores) ikifuata kanuni ya Gunicorn, programu inayoendesha tovuti za Python kwenye seva, ya viini mara mbili ongeza moja, inakuwa na michakato 9. Kila mchakato ukiwa na nyuzi 4, na kila uzi ukishika muunganisho wake, hiyo ni 36. Ukiwa na seva tatu unafika 108, na siku ya msongamano baadhi ya maombi yatakataliwa ingawa seva zenyewe hazijachoka. Punguza nyuzi, au weka katikati PgBouncer (programu inayowagawia wengi miunganisho michache).

Muda wa matengenezo

Soma ukurasa wa matoleo kabla ya ukurasa wa sifa. Toleo la LTS (linalotunzwa kwa muda mrefu) la Django hupata viraka vya usalama kwa miaka 3. Lile la 5.2 linafika Aprili 2028. Kila toleo kuu la Laravel hupata viraka vya usalama kwa miaka 2. Kama mteja hatalipia matengenezo kila mwaka, muda huo una uzito kuliko sifa yoyote mpya. Angalia pia maktaba unazozitegemea: fremuweki hai yenye maktaba ya kuingia iliyotelekezwa bado ni hatari.

Jaribu mbili, kwa kazi ileile

Bakiza fremuweki mbili tu. Kwa kila moja, tenga siku mbili na ujenge kipande chembamba kinachopita tabaka zote:

1. Kuingia kwa mtumiaji na kubadilisha nywila.
2. Majedwali mawili yenye uhusiano, na ukurasa wa kuorodhesha rekodi 50.
3. Kuongeza safu wima (column) mpya kwenye jedwali lenye data tayari.
4. Fomu ya kupakia faili, ikikataa faili kubwa.
5. Barua pepe inayotumwa kupitia foleni.
6. Jaribio moja la kiotomatiki, kisha kuweka yote kwenye seva halisi.

Usiruke hatua ya 3 na ya 6, maana hapo ndipo mafunzo mengi huishia. Kisha haribu vitu kwa makusudi. Zima hifadhidata uone mtumiaji anapata ujumbe gani. Rusha kosa ndani ya kitendaji cha `async`: katika Express 4, ombi linabaki likining'inia bila jibu usipolikamata kosa mwenyewe, ilhali Express 5 (2024) inalipeleka kwenye kishughulikia makosa. Pima mzigo kwa zana ya `wrk -t4 -c100 -d30s` ukielekeza kwenye ukurasa unaosoma hifadhidata, siyo ukurasa mtupu.

Mwisho kabisa, kagua seva uliyoiweka ukiwa nje kama mtumiaji yeyote. Katika Django hakikisha `DEBUG` ni `False`, la sivyo kosa moja litamwonyesha mgeni vipande vya msimbo na mipangilio yako. Katika Laravel, seva ya wavuti ielekee folda ya `public`. Ikielekea folda kuu ya mradi, faili la `.env` lenye nywila ya hifadhidata linaweza kusomwa na yeyote. Fungua anwani ya tovuti yako ukiongeza `/.env` mwishoni. Likifunguka, rekebisha folda, kisha badilisha kila nywila na ufunguo uliokuwa humo, hata kama huoni dalili kwamba mtu alishaupitia.