Buti za ngozi zikishuka mlimani

Buti nyingi za ngozi haziharibikii Kilimanjaro. Zinaharibikia nyumbani Moshi, jioni ile ya kushuka mlima kwa njia ya Mweka, mtu anapozisogeza kwenye jiko la mkaa ziwahi kukauka kwa sababu keshokutwa ana wageni wengine wa kupandisha. Nimeua jozi mbili hivyo kabla sijapata akili.

Hatua ya 1: Safisha siku hiyohiyo. Toa kamba na soli za ndani, piga brashi kavu kwanza. Vumbi la kule juu ya kambi ya Barafu ni mawe ya volkano yaliyosagika, kali kama msasa; likibaki kwenye mikunjo linakula ngozi na nyuzi kila unapokanyaga. Tope la msituni litoe kwa maji na kitambaa, lililonasa kwenye meno ya soli kwa kijiti. Usizizamishe kwenye beseni, na sabuni ya unga iache ifue nguo.

Hatua ya 2: Kausha polepole. Hapa ndipo penye kazi. Shindilia magazeti mpaka kwenye vidole, yabadilishe baada ya saa moja, kisha asubuhi na jioni. Ziweke kivulini penye upepo, zikilala ubavu ili soli nazo zipumue. Ngozi iliyolowa ikipigwa na joto kali husinyaa, ikakakamaa na kupasuka, na gundi ya soli hulegea. Siku mbili zinatosha. Masika, hata nne. Ingiza mkono hadi mwisho: ukisikia ubaridi, bado kuna maji.

Hatua ya 3: Paka nta ya nyuki. Ianike juani kidogo ilainike, paka kwa kidole, safu nyembamba, ukikazania mishono na pale ulimi unaposhikana na kiatu. Iache ilale, asubuhi futa inayobaki. Kiwi inang'arisha tu, maji yanapita. Mafuta ya kupikia yanalegeza ngozi na kuvundia humo. Kama buti ni za swedi, nta usiiguse kabisa. Tumia brashi na dawa ya kupuliza ya kuzuia maji.

Wanaonunua mitumba pale soko la Memorial, Moshi, neno moja: ngozi nzuri isikudanganye. Kunja soli, kisha bonyeza kwa dole gumba lile tabaka laini la katikati. Sponji yake huozeshwa na unyevu wa hewa hata kiatu kikikaa kabatini miaka bila kuvaliwa. Ikimeguka kama keki kavu, rudisha. Fundi hana cha kushona hapo. Mgumu mwenzangu, yaani mpagazi wa mlimani, aliachwa na soli zote mbili siku ya pili, akamalizia njia kwa raba za kuazima.

Hema je? Mkilikunja bichi asubuhi, lifungueni siku mliyofika. Likilala bichi kwenye mfuko siku chache tu, ukungu unaanza, na ile harufu haitoki.