Kabla mahindi hayajaingia nyumbani: kujiandaa na panya, fuko na wageni wa usiku huku Kabare

Huku Kabare, kaskazini ya Bukavu, mashariki ya Kongo, mahindi yanayopandwa mwezi wa tisa huvunwa kuanzia mwezi wa kwanza. Kati ya majani kuanza kukauka na siku ya kuvunja mahindi kuna majuma matatu au manne ambayo wengi wetu tunayapoteza kwa kungoja. Panya hangoji. Panya wa shamba hubeba mimba siku 23 tu, na kuzaa watoto kumi kwa mkupuo si ajabu kwake. Ukianza kumshughulikia siku unaposikia mikwaruzo juu ya dari, unapambana na ukoo mzima.

Mimi nafanya kazi mjini siku za juma, na Ijumaa jioni napanda kwenda kijijini Miti, kwenye shamba alilotuachia baba. Ninayoandika hapa ni yale ninayoyafanya kabla ya mavuno, na mengine nimejifunza kwa hasara.

Anza kwa kuzunguka nyumba mchana, jua likiwa kali, bila haraka. Angalia chini ya ukuta: panya hupita njia ileile kila usiku, na mwili wake huacha alama nyeusi ya mafuta kwenye udongo. Tafuta mavi yake. Mavi mabichi yanang'aa na ni laini, ya zamani yamekauka na kufifia, kwa hiyo utajua kama yupo sasa au alikuwepo. Tundu linaloingia kidole gumba chako linamtosha panya, na mtoto wake hupita kwenye tundu dogo zaidi. Ziba kwa mawe, waya uliokunjwakunjwa na udongo juu yake. Udongo mtupu atauchimba usiku huohuo, kwa sababu meno yake ya mbele hayakomi kukua na lazima atafune kitu.

Kisha fyeka. Mita tatu kuzunguka ghala pabaki peupe kabisa, pasiwe na nyasi, kuni, wala lundo la maganda ya maharagwe. Mama mkwe wangu, ambaye amelima mlima huu tangu ujana wake, hufagia uwanja huo kila asubuhi kama anavyofagia jikoni, kwa kuwa anajua panya haogopi mlango, anachoogopa ni kuvuka mahali peupe. Migomba iliyo karibu na nyumba nayo iangaliwe. Majani makavu yanayoning'inia mpaka kwenye paa ni ngazi. Yakate, ng'ombe na mbolea vitayahitaji.

Ghala lenyewe liinuke angalau mita moja kutoka ardhini, na kila mguu uvalishwe kofia ya bati, mdomo wake ukitazama chini. Manjanja, yaani mabati, ya zamani yanatosha, hata yenye kutu, mradi hayana matundu na panya hawezi kuruka kutoka kwenye kitu cha pembeni akatua juu yake. Asiye na uwezo wa kujenga ghala atumie pipa la chuma au bidoni kubwa lenye kifuniko. Lakini usifunge mahindi mabichi ndani ya chombo kisichopitisha hewa, maana utaokoa mahindi kwa panya na kuyakabidhi kwa kuvu, na kuvu huleta sumu ya aflatoksini ambayo haiondoki kwa kupika bugali. Kuna kipimo kisichohitaji mashine: chukua chupa kavu ya kioo, weka punje za mahindi na chumvi kavu kidogo, tikisa dakika chache. Chumvi ikishika kwenye kioo, rudisha mahindi juani.

Sasa dende. Wasomaji wa mbali humwita simbilisi, sisi dende. Nyumba nyingi huku zinafuga dende jikoni, wakikimbia chini ya vitanda na karibu na mafiga, na sababu inaeleweka: miaka ya vita iliyotupitia ilimaliza ng'ombe na mbuzi wengi, lakini dende anafichika, halii sana, na ukilazimika kukimbia unawabeba kwenye kikapu. Mtoto wa shule analipiwa daftari kwa dende wawili. Kwa hiyo mtu akisema panya amekula dende wake, hasemi jambo dogo.

Dende jike hubeba mimba siku 60 hadi 70, muda mrefu sana ukilinganisha na panya, na huzaa watoto wachache waliokwisha ota manyoya na kufumbua macho. Panya mmoja mkubwa akiingia usiku atamaliza uzao wa miezi miwili kwa dakika chache. Ndiyo maana kabla ya mavuno, wakati panya wanahama kuja nyumbani, naona afadhali kuwatoa dende sakafuni na kuwaweka kwenye kibanda kilichoinuliwa, chenye waya wa matundu madogo chini na pembeni. Miguu ya kibanda isimame ndani ya makopo yenye mafuta machafu ya injini. Hayo ni kwa ajili ya siafu. Msafara wa siafu ukipita usiku wa mvua, mnyama aliyefungiwa hana pa kukimbilia, na asubuhi unakuta mifupa. Majivu yaliyomwagwa kuzunguka husaidia mpaka mvua inyeshe, basi. Na ukiwahamishia kibandani, usisahau majani mabichi kila siku. Dende hatengenezi vitamini C mwilini mwake, akikaa kwa pumba tupu atadhoofika meno na viungo.

Nguchiro, kanu na paka pori nao hujaribu milango. Komeo la mti linalozunguka halitoshi, funga kwa waya. Vifaranga nawaweka chini ya tenga pamoja na mama yao mpaka wapate nguvu ya kukimbia, maana mwewe huku hakosi. Kamba chache zilizovutwa juu ya uwanja humsumbua anaposhuka. Kumpiga mwewe manati sioni faida. Anakula panya pia.

Kuhusu sumu, nitasema kwa kirefu kidogo, kwa sababu hapo ndipo nilipoumia.

Miaka michache iliyopita nilinunua sokoni pakiti ndogo isiyo na jina, isiyo na maelezo, iliyofungwa kwenye kipande cha mfuko. Muuzaji alisema ni kali. Niliichanganya na bugali, nikaiweka nyuma ya jiko. Asubuhi panya watatu walikuwa wamekufa, nikafurahi. Siku iliyofuata paka wetu akafa, na jioni dende sita, kwa sababu kuku alikuwa amechakura mabaki mpaka kwenye majani yao. Mtoto wa jirani alikuwa akicheza palepale siku nzima. Bado nikimwona leo, amekua na anakwenda shule, moyo unanishtuka.

Zijue aina mbili hizi. Kuna sumu zinazozuia damu kuganda. Panya hazimuui palepale, anatembea siku kadhaa akiwa mlegevu, na paka, mwewe au bundi akimla katika hali hiyo naye hupata sumu. Hizi zina dawa hospitalini, vitamini K. Kuna nyingine, unga wa kijivu wenye harufu kama ya kitunguu saumu, ambao ukifika tumboni hutoa gesi. Huo hauna dawa ya kuuvunja nguvu. Daktari anaweza tu kumtegemeza mgonjwa. Na vile vidonge vya kufukizia nafaka, vinavyouzwa kimojakimoja, visiingie kamwe katika nyumba ambamo watu wanalala. Gesi yake haina huruma, na katika nyumba zetu za chumba kimoja na pazia, magunia na watoto viko pamoja.

Kama umeamua kutumia sumu baada ya yote, nunua yenye maandishi, iweke ndani ya kipande cha bomba au mwanzi ambamo mkono wa mtoto na mdomo wa kuku havifiki, hesabu vipande ulivyoweka, okota panya waliokufa kila asubuhi, na karatasi ya pakiti uitunze. Mtu akimeza, usimtapishe kwa nguvu wala usimnyweshe maziwa. Mkimbize hospitali na karatasi hiyo mkononi. Bila jina la sumu, daktari anakisia.

Mimi sasa natumia mitego ya kubana. Chambo changu ni kichwa cha sambaza, samaki wadogo wa ziwani, kilichokaushwa na kufungwa kwa uzi ili asikinyakue. Panya wa nyumbani huogopa kitu kipya, basi weka mitego bila kuitega usiku tatu au nne, wale na kuzoea, halafu itege yote kwa pamoja usiku mmoja. Iwe mingi, kumi badala ya miwili, ikikaa kando ya ukuta kwa kuikingama njia yake. Wengi husema mtego haufai kwa sababu waliutega mmoja katikati ya chumba.

Kabla ya usiku huo, tayarisha mifuko ya plastiki ya kuvaa mikononi, sabuni na shimo la kuzikia. Panya aliyekufa hashikwi kwa mkono mtupu. Viroboto wake humwacha anapopoa na kutafuta mwili mwingine, na ndugu zetu wa Ituri wanajua tauni si hadithi ya zamani. Mkojo wake huchafua maji na chakula, kwa hiyo bidoni la maji lifunikwe. Ukikuta panya wengi wamekufa wenyewe, bila mtego wala sumu, usiwaguse, mwambie muuguzi wa kituo cha afya siku hiyohiyo. Hali kadhalika mnyama wa porini uliyemkuta mgonjwa au mfu: asiingie chunguni, hata njaa ikiwa kubwa. Mpox iliyotutesa hapa Kivu ya Kusini kuanzia Kamituga mwaka 2023 ilisambaa hasa kati ya mtu na mtu, lakini virusi vyenyewe asili yake ni kwa wanyama, na panya na kindi wa msituni ndio wanaoshukiwa zaidi.

Fuko ni shauri jingine. Yeye haji nyumbani. Anakula mihogo, viazi vitamu na mizizi ya maharagwe kutoka chini, na unaona mmea umelala bila sababu. Tafuta mzee anayejua kumtega kwa kamba na fimbo iliyopindwa, umlipe kwa kila fuko anayemtoa. Fungua njia yake, mwachie mwanga uingie. Atakuja kuziba, na hapo ndipo mtego unapokaa. Wengine hupanda mtupa, mmea wenye sumu, pembezoni mwa shamba ili kumfukuza. Mtupa huua samaki, kwa hiyo usiuoshe mtoni.

Wenye mashamba karibu na Hifadhi ya Kahuzi-Biega wana jambo zaidi la kufikiria. Hifadhi hiyo ipo tangu 1970, na UNESCO imeihesabu kati ya urithi wa dunia tangu 1980. Najua majirani wengi wana uchungu wa ardhi na uchungu huo si wa kupuuza. Ila kamba inayotegwa mpakani kwa ajili ya nguchiro haichagui. Gorila na sokwe hukatika vidole na mikono kwa kamba za namna hiyo. Sheria ya uwindaji ya 28 Mei 1982 inadai kibali, na wanyama wanaolindwa kabisa hawana kibali cha mtu wa kawaida. Kabla ya msimu, kubalianeni na majirani zamu ya kulinda, madebe ya kupiga kelele, na nani atapigia walinzi wa hifadhi simu. Nyani hufukuzwa kwa watu wengi na kelele. Gorila hafukuzwi kwa mawe. Watu waondoke polepole, wasikimbie, wamwachie njia. Mtoto wa sokwe aliyepotea au anayeuzwa apelekewe habari Lwiro, ambako kuna kituo cha kuwalea.

Nyoka hufuata panya, kwa hiyo kazi yote ya kufyeka na kuziba ni kazi ya nyoka pia. Vaa buti unapoinua mashina yaliyolala, mulika njia ya choo usiku, usiingize mkono kwenye lundo usiloliona ndani. Swali la kuuliza kabla, siyo usiku wa tukio, ni hospitali gani ina dawa ya sumu ya nyoka mwezi huu. Uliza kwa mdomo, usikisie. Aliyeumwa atulie, kiungo kisitikisike, pete na saa zivuliwe kabla hajavimba. Usichanje, usifunge kamba ya kukaza. Najua jiwe jeusi, lile linalobandikwa kwenye jeraha ili linyonye sumu, liko katika kabati za nyumba nyingi huku, na watu wanaliamini. Kinachoniogopesha ni saa mbili zinazopotea wakati limebandikwa. Weka kando pesa ya pikipiki, na namba za madereva wawili ziandikwe kwa makaa nyuma ya mlango, kwa sababu simu huzimika. Ukiumwa na mbwa au mnyama mwingine anayeweza kuwa na kichaa, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 kamili, halafu nenda ukachanjwe hata kama jeraha ni dogo.

Limebaki la bundi. Katika mti mkavu nyuma ya shamba letu anakaa mmoja mweupe usoni, na mara mbili vijana wamekuja kutaka kumuua kwa sababu alilia usiku ambao mzee mmoja wa kijiji alifariki. Sikubishana nao kuhusu uchawi, walikuwa na msiba. Niliwaonyesha tu vile vidonge vikavu vya manyoya anavyovitapika chini ya mti. Tulivunja vinne kwa kijiti juu ya jani la mgomba, tukatoa mafuvu madogo ya panya, tukayapanga mstari mmoja: kumi na moja. Kijana mkubwa aliyahesabu upya mwenyewe. Mti ule sijaukata, na mwaka huu, kabla ya kuvunja mahindi, nimeuzungushia miiba ili asiupande mtu.