Namna ya Kumnukuu Gandhi Bila Kumlisha Maneno

Anza na tarehe. Gandhi aliendesha magazeti tangu 1903, na mengi anayonukuliwa yalitoka humo kwanza: Indian Opinion huko Afrika Kusini, kisha Young India na Navajivan kuanzia 1919, na Harijan kuanzia 1933. Nukuu isiyotaja gazeti, barua au hotuba iliyotoka, pamoja na siku yake, iweke kando kwanza. Ile ya "uwe wewe mabadiliko unayotaka kuyaona" haimo katika maandishi yake. Ya karibu nayo ni makala ya 1913, na ni ndefu na nzito zaidi. Ile ya "kwanza watakupuuza, kisha watakucheka" inafanana mno na hotuba ya Nicholas Klein, mwanaharakati wa wafanyakazi wa Marekani, ya 1918.

Ukishapata tarehe, fungua mkusanyo wa kazi zake, wenye juzuu 100. Juzuu 90 za mwanzo zimepangwa kwa tarehe. Usipopata kitu humo, tazama 91 hadi 97, ambazo ni nyongeza. Angalia pia ni toleo gani. Toleo lililorekebishwa karibu na mwaka 2000 lilivuruga namba za juzuu na kuacha baadhi ya maandishi, ndiyo maana namba ya ukurasa peke yake haimfikishi msomaji popote.

Sasa soma aya nzima, hasa kuhusu uandishi wa habari. Katika tawasifu yake anaifananisha kalamu isiyodhibitiwa na mafuriko yanayozamisha mashamba. Hapo ndipo wengi hukata, na wapenda kudhibiti magazeti hufurahi. Lakini hapo hapo anaendelea kusema kwamba udhibiti unaotoka nje una sumu kuliko kukosa udhibiti. Unaofaa ni ule wa mwandishi mwenyewe. Aliyeishia kwenye mafuriko ameyapindua maneno yake. Na tukumbuke kwamba Machi 1922 Gandhi huyo huyo alihukumiwa miaka sita gerezani kwa makala tatu za Young India.

Kwenye imani, tarehe ina uzito zaidi. Kwa miaka mingi alisema Mungu ni Kweli. Mwishoni mwa 1931, akiwa Lausanne, Uswisi, alieleza kwa nini sasa anasema Kweli ni Mungu: hata asiyemwamini Mungu hawezi kuikana kweli. Usizichanganye kauli hizo mbili kana kwamba ni moja. Kanuni aliitoa mwenyewe kwenye Harijan la 29 Aprili 1933: maandishi yake mawili yakipingana juu ya jambo moja, shika la baadaye.

Limebaki neno gumu, swaraj. Kitabu chake cha 1909 kuhusu jambo hilo alikiandika kwa Kigujarati akiwa melini, akitoka Uingereza kurudi Afrika Kusini, kisha akakitafsiri mwenyewe kwa Kiingereza. Wengi huandika "uhuru". Sisi tungeandika "kujitawala", maana swa ni nafsi na raj ni utawala, na Kiswahili hapa kina bahati: nchi hujitawala, na mtu aliyeshinda hasira zake naye hujitawala. Gandhi alizikusudia maana zote mbili, na "uhuru" hubeba ile ya kwanza tu.

Mwisho wa nukuu andika gazeti, tarehe, na lugha uliyotafsiri kutoka kwayo. Ikiwa umepitia Kiingereza cha maneno aliyoyaandika kwa Kigujarati, sema hivyo.