Iache kahawa ipoe kidogo kabla ya kuinywa

Wanaopenda kahawa chungu ya barazani, ile inayomiminwa kutoka kwenye birika lililokaa juu ya makaa na kunywewa kwa kashata, wanashauriwa kuchunga moto wake kuliko kahawa yenyewe. Mwaka 1991 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lenye makao yake Lyon, Ufaransa, liliiweka kahawa miongoni mwa vitu vinavyoweza kusababisha saratani, kwa kuhofia saratani ya kibofu. Lakini mwaka 2016, baada ya wataalamu kupitia tafiti zaidi ya 1,000, iliondolewa katika kundi hilo, na ikaonekana kwamba huenda hata inapunguza uwezekano wa kupata saratani ya ini. Kilichobaki na lawama ni kinywaji chochote chenye joto linalozidi nyuzi 65 za Selsiasi, kiwe kahawa, chai au maji matupu, kwa kuwa huenda kuunguzwa mara kwa mara kwa umio kukachangia saratani, maradhi ambayo Afrika Mashariki inayafahamu vizuri mno.

Kwa kuwa ni wachache wenye kipimajoto jikoni, kipimo changu ni hiki: kikombe kikikulazimisha kupuliza au kufyonza kwa kelele, kiweke chini dakika chache, au ongeza maziwa baridi, ingawa najua wazee wa barazani hawatakubali hilo la maziwa.